Shajara ya viota: Ushongo na Maziwe, kaskazi hadi kusi

Mwisho wa Januari

Ndoo zimeoshwa, tochi zimefungwa karatasi nyekundu, vigingi vya alama vimechongwa. Injini ya boti imetoka kwa fundi na bado haieleweki. Kaskazi linavuma kwa adabu, bahari inapitika, na huku Pangani kasa huanza kupanda kwa wingi Februari, wakapungua kusi likishakaza.

Kwa anayesoma shajara hii kwa mara ya kwanza: kikundi chetu kinalinda viota vya kasa sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mto Pangani, wenye minazi, madago (kambi) ya wavuvi na hoteli chache. Ya pili ni Maziwe, fungu la mchanga lililo kilomita chache baharini. Wazee wa hapa wanaikumbuka Maziwe ikiwa kisiwa kamili chenye mivinje na kivuli. Mwaka 1975 ilitangazwa eneo tengefu, na kasa walikuwa sababu kubwa: kasa wa kijani, ng'amba na kigome wote walitaga pale, kwa wingi uliokuwa nadra kuuona kwingine Afrika Mashariki. Lakini tangazo halikuzuia shoka. Mivinje ilipokwisha hapakuwa na mizizi ya kushika mchanga, bahari ikamalizia iliyobaki, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimegeuka fungu linalozama lote bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likijaa.

Kasa bado wanapanda. Jike anakuja, anachimba, anataga, anafukia kwa uangalifu wake wote, kisha baada ya siku chache maji yanapita juu. Yai la kasa linapumua kupitia ganda. Mchanga ukijaa maji, hewa inakatika na kilichomo kinakufa. Ndiyo maana viota vya Maziwe vinahamishwa kuja Ushongo. Hatukuianzisha sisi kazi hii. Imefanywa na watu wa hapa pamoja na shirika la Sea Sense, ambalo lilianzia Mafia mwaka 2001 na kufundisha vijiji vingi vya pwani namna ya kufuatilia viota. Sisi tumeipokea tu.

Februari, wiki ya pili

Kiota cha kwanza, na ni cha bara, yaani Ushongo. Aliyekiona ni mama mmoja aliyekuwa akienda kutafuta pweza maji yalipokupwa alfajiri. Akapiga simu: "Mwanangu, huku limepita trekta."

Ndivyo inavyoonekana kweli. Njia ilikuwa pana kupita mita moja, alama za mapezi ya kushoto na kulia zikienda sambamba. Kasa wa kijani hujivuta kwa mapezi yote mawili kwa pamoja. Ng'amba hupishanisha, kushoto kisha kulia, na njia yake ni nyembamba. Ukishazijua njia hizi mbili, humhitaji kasa mwenyewe ili kumtambua.

Kujua alipotaga ndiyo shughuli. Kasa huchimba shimo kubwa la kulaza mwili, kisha ndani yake shimo dogo la mayai. Akimaliza kutaga husonga mbele huku akirusha mchanga nyuma, kwa hiyo shimo linalobaki wazi siyo lenye mayai. Mgeni kwenye kazi hii huchimba penye shimo na kukuta mchanga mkavu mpaka kesho. Mayai yako nyuma yake, chini ya kichuguu kilicholala, ambacho jicho linakipita bila kukiona. Wako wanaotafuta kwa kuchoma mchanga na fito. Fito inayafikia mayai, ndiyo, na inayatoboa vilevile. Sisi tunapapasa: mchanga uliochimbwa usiku ni laini, wa siku zote umeshikana. Mkono ulizama karibu hadi kwapani ndipo kidole kikagusa yai la juu. Tukafukia palepale.

Kiota kiko juu ya mstari wa takataka unaoachwa na bamvua, basi hakiguswi. Mzee mmoja wa dago alishangaa. "Mbwa watayala. Kwa nini msiyabebe kama ya Maziwe?" Nikamwambia dawa ya mbwa ni wavu wa waya juu ya kiota, wenye matundu ya kupitisha kitoto cha kasa lakini si pua ya mbwa wala ya nguchiro. Mayai yaliyohamishwa, hata na mikono iliyozoea, mara nyingi huanguliwa machache kuliko yaliyoachwa pale alipoyaweka mama yao. Unahamisha kiota ambacho kikibaki kitakufa, basi. Naandika hili kwa sababu wageni na wafadhili wanapenda sana picha za ndoo, na mtu anaweza kuanza kuhamisha viota kwa ajili ya picha.

Ramadhani, kumi la kwanza

Bamvua la mwezi mwandamo limepita, sasa ni maji mafu, yasiyopanda sana, na kipande cha Maziwe kinabaki kikavu usiku na mchana. Hizi ndizo siku za hadaa. Kasa anaona mchanga mkavu, anautumaini, anataga. Wiki ijayo pote hapo patakuwa chini ya maji.

Tunakula daku, tunaswali alfajiri, tunashusha boti. Leo tumekuta kiota kimoja. Kwa jinsi maji yalivyokuwa, jike alipanda yalipojaa mnamo saa nne usiku. Sisi tumefika jua limeshachomoza, saa tisa hivi baadaye, na saa tisa kwa yai la kasa ni nyingi.

Yai la kuku lina nyuzi mbili zinazoshika kiini katikati, ndiyo maana unaweza kulibingirisha. La kasa halina. Saa chache tu baada ya kutagwa, mimba changa hupanda juu ya kiini na kujishika kwenye utando wa ndani ya ganda. Ukiligeuza yai baada ya hapo umeua, na hakuna dalili yoyote nje. Litakaa mchangani miezi miwili jeupe na zuri, na siku ya kufukua utakuta limeoza. Kwa hiyo sheria ni kuhamisha ndani ya saa chache, au kama umechelewa, kuhamisha bila kuligeuza hata kidogo.

Anayefanya kazi hii vizuri kuliko sisi wote ni kijana ambaye mchana ni fundi cherehani mjini Pangani. Alilala kifudifudi, akafagia mchanga kwa upande wa kiganja mpaka mayai ya juu yakaonekana. Kwenye mengine kidoa cheupe kilikuwa kimeshaanza kujitokeza juu ya ganda, ndiyo ile mimba imeshajishika. Akachukua penseli laini na kutia msalaba mdogo juu ya kila yai kabla ya kuligusa. Kisha akaliinua kwa vidole vitatu, wima, akalishusha ndani ya ndoo yenye mchanga wenye unyevu wa kiota kilekile, msalaba ukitazama juu. Ganda la yai bichi la kasa ni laini, linabonyea na kubaki na kishimo. Anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani limeharibika. Kiota kilikuwa na mayai zaidi ya mia, na yote yalipita mikononi mwake moja moja, jua likipanda, kinywa kikavu kwa saumu. Hakuna aliyesema neno isipokuwa anayehesabu.

Kabla ya kuondoka tulipima kina: kutoka usoni hadi yai la juu, na hadi chini kabisa. Kule Ushongo shimo jipya lilichimbwa kwa vipimo vilevile, shingo nyembamba, tumbo pana. Si mapenzi ya urembo. Vitoto havitoki kimoja kimoja. Hupanda kwa kundi, vya juu vikibomoa dari na vya chini vikikanyaga mchanga unaoanguka, na chumba kikiwa na umbo baya kazi hiyo inakwama njiani. Boti ilipokuwa inarudi ndoo hazikuwekwa sakafuni. Zilipakatwa, kwa sababu ya mtetemo wa injini.

Machi, katikati

Hoteli moja imebadilisha taa za baraza: balbu nyekundu, na kofia inayozuia mwanga kwenda ufukweni. Nyingine imekataa kugusa taa za bwawa la kuogelea, eti usalama wa wageni. Kitoto cha kasa kikitoka usiku hufuata upeo wa chini wenye mwanga, na kwenye pwani isiyo na umeme upeo huo ni bahari siku zote, maana nyuma kuna giza la miti. Ukiwasha bwawa la kuogelea nyuma ya minazi umeigeuza bahari. Nimeandika barua ya pili. Tukishindwa tutafanya kama msimu uliopita, kutandika maturubai meusi kati ya kiota na taa, kazi ya kijinga lakini inasaidia.

Mgeni mmoja wa hoteli hiyohiyo alinionyesha simu: kasa wa kijani hayuko hatarini tena, kwa nini mnasumbuka? Habari yenyewe ni ya kweli. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimtoa kasa wa kijani kwenye daraja la walio hatarini na kumshusha hadi daraja la chini kabisa la wasiwasi, kwa maelezo kwamba idadi yake duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Nilimweleza mambo mawili. Kwanza, idadi hiyo imepanda kwa kazi hasa ya aina hii, kulinda viota, kupiga marufuku biashara ya nyama na mayai, kupunguza kunasa kwenye nyavu, kwa hiyo ni sababu ya ajabu ya kuiacha. Pili, hesabu ya dunia nzima haiambii pwani moja ikoje. Na ng'amba, ambaye gamba lake lilitengenezewa vitana na vikuku kwa karne nyingi, bado yuko daraja la hatari kubwa kabisa.

Mwisho wa Machi, baada ya Idi

Kuna jambo nililokuwa naliahirisha kuliandika, na leo limetufika.

Jike aliyekufa amesukumwa na maji kaskazini mwa dago. Gamba lake, kwa futi ya yule fundi cherehani, lilizidi mita moja. Shingoni na kwenye pezi la mbele la kulia uzi ulikuwa umechimba ngozi. Hakuna aliyesema amemnasa, na sikuuliza.

Tulimzika siku ileile, ndani kabisa, mwenyekiti wa kijiji akisimama pale mpaka shimo likajaa. Si kwa heshima tu. Mtu akiona nyama nyingi hivyo bila mwenyewe anaweza kupata wazo. Machi 2024 kwenye kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Sumu ile haiondoki kwa kupika, haina dawa ya kuizima, na huwaumiza watoto zaidi. Kasa wa leo unaweza kumla usipate kitu, wa kesho ukazika naye familia, na kwa kumtazama hakuna awezaye kujua yupi ni yupi. Kanuni za uvuvi zinakataza kumvua na kumla, lakini nimeona kwamba kwenye vibaraza habari ya Panza inanyamazisha watu haraka kuliko kanuni yoyote.

Sasa hesabu. Kasa wa kijani huchukua miaka 20, 30, hata zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Akifika umri huo hutaga viota kadhaa kwa msimu, akipishanisha kama wiki mbili, kisha hupumzika miaka miwili mitatu ndipo arudi. Makadirio yanayotumika ni kwamba katika vitoto 1,000 hufika utu uzima kimoja hivi. Na hicho kimoja kinaweza kuwa dume. Basi ili kumrudisha jike mmoja kama huyu tuliyemzika, tunahitaji vitoto kama 2,000 vifike majini, ambavyo ni viota zaidi ya 20 vilivyofanikiwa vizuri. Kwetu hiyo ni misimu ya kazi: daku, penseli, ndoo kwenye mapaja. Yeye ameondoka usiku mmoja kwenye jarife, nyavu kubwa ya kutega.

Viota ni sehemu rahisi ya kazi hii, na inapigwa picha vizuri. Kasa wanakwishia kwenye nyavu, na huko tunakwenda mara chache kwa sababu kule kuna majirani zetu, mashemeji zetu, na bei ya mafuta ya boti.

Aprili, siku ya kwanza ya mvua kubwa

Nimekwenda dago. Nahodha niliyemfuata ni mtu mzima, jarife lake ni refu kuliko mengi ya hapa, na anasikilizwa.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba. Umekuja na kasa wako?"

"Nimekuja na kahawa kwanza."

Tulikunywa. Kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa. "Sisi hatumtafuti kasa. Jarife nalitega kwa papa, kwa samaki taa, kwa nguru. Akiingia yeye nyavu inachanika, nakaa siku mbili nashona badala ya kuvua. Unadhani nafurahi?"

"Sikudhani."

"Wenzako walikuja wakaniambia nikate nyavu nimtoe. Nyavu ile nani atanilipa?"

Hana makosa katika hili. Jarife lina macho makubwa, linategwa jioni na kuachwa mpaka alfajiri. Kasa aliyelala kwenye mwamba anaweza kukaa chini saa nyingi bila kupumua, lakini anayehangaika kwenye uzi hana muda huo. Pumzi inamwisha upesi. Alfajiri nahodha anavuta maiti. Nguva naye huingia hivyohivyo, na nguva wa pwani hii wamebaki wachache mno.

Nikamweleza ya Watamu, Kenya. Kule tangu miaka ya 1990 mwishoni kuna mpango ambapo mvuvi akimnasa kasa hupiga simu, watu huja kumpima, kumtia namba na kumrudisha baharini, na mvuvi hupewa kitu kidogo kwa taabu yake. Maelfu ya kasa wamerudishwa hivyo. Nahodha akauliza swali ambalo nami nimejiuliza: je, hakuna anayewanasa makusudi ili apige simu? Ndiyo maana malipo yanafanywa madogo, nikasema, yafidie muda wake tu, yasigeuke mshahara. Akacheka. "Basi hapa tutakufa njaa na kasa watashiba."

Tulizungumza mambo matatu. Jarife lisitegwe karibu na Maziwe kuanzia Februari mpaka Juni, majike wanapozunguka pale wakisubiri kupanda. Nyavu ikaguliwe usiku wa manane, isingoje alfajiri. Na kasa anayeonekana amekufa asitupwe mpaka ahakikishwe. La kwanza alisema atalifikiria pamoja na wenzake. La pili alilikataa papo hapo: kukaa baharini usiku kucha ni mafuta na ni hatari kusi likianza. La tatu alilipenda.

Hilo la tatu tulilionyesha jioni ileile palepale dago, kwa beseni la kufulia likiwa ndio kasa. Mlaze kwa tumbo, usimlaze chali. Inua sehemu ya nyuma kama shubiri moja ili maji yatoke mapafuni. Kivuli, na kitambaa kibichi juu ya gamba, lakini usimfunike pua. Msubiri. Wengine huzinduka baada ya saa nyingi, na anayezinduka arudishwe taratibu, injini ikiwa imezimwa. Kijana mmoja akauliza beseni litapumua saa ngapi. Wavuvi wakishaanza utani najua wamesikia.

Aprili, masika yamekaza

Kiota cha kwanza cha bara kimetoka. Kwa kawaida huchukua siku 50 hadi 60, na hiki kilikuwa katikati ya hizo. Mvua ilipoupoza mchanga mchana, vitoto vilianza kuchomoza saa kumi na moja jioni badala ya usiku, na kunguru walikuwa wameshakaa juu ya minazi kama vile wamealikwa. Watoto wa shule waliwafukuza kwa vigongo. Kaa wa mchanga ndio hawakufukuzika. Kaa mmoja alikivuta kitoto hadi mlangoni mwa shimo lake na tukamwachia, ingawa wasichana wawili walinilaumu sana. Kaa wamekula vitoto vya kasa tangu pwani iwe pwani. Kazi yetu ni kuondoa yale tuliyoyaleta sisi: mbwa, taa, chupa, mashimo ya watoto wanaojenga ngome za mchanga.

Siku tatu baadaye tulifukua kuhesabu. Hii ni kazi ya harufu. Maganda matupu rundo moja, mayai yasiyo na kitu rundo la pili, yenye vitoto vilivyofia ndani rundo la tatu. Chini kabisa vilikuwepo vichache hai, vimekwama kwenye mizizi, na hivyo tuliviacha vitembee vyenyewe mpaka majini. Kuvibeba na kuvitupa kwenye wimbi kunaonekana ni huruma, lakini ile safari fupi ina kazi yake, kitoto hujipatia mwelekeo.

Mei

Viota vya Maziwe tulivyohamisha vinatoka kimoja baada ya kingine. Vimefanya vizuri, ila si kama vya bara vilivyoachwa mahali pake, na hilo tulilitarajia. Kile cha penseli kimetoka vizuri kuliko nilivyothubutu kutumaini. Fundi cherehani hajasema lolote, ila ameanza kuja na penseli yake mwenyewe.

Kuna mambo mawili yananikera kuhusu kuhamisha. La kwanza ni joto. Jinsia ya kasa haiamuliwi na damu. Huamuliwa na joto la mchanga katika siku za katikati ya kulala kwa yai. Karibu na nyuzi 29 huwa mchanganyiko, juu ya hapo majike huzidi, chini ya hapo madume. Huko Australia, kwa kasa waliotoka kaskazini mwa miamba ya Great Barrier, watafiti walichapisha mwaka 2018 kwamba karibu wote wachanga walikuwa majike. Sisi tunachukua mayai kutoka mchanga mweupe wa Maziwe tunayapeleka Ushongo penye rangi nyingine ya mchanga na kivuli cha minazi. Tumeanza kuzika kipimajoto kwenye viota viwili, kimoja juani na kimoja kivulini, ili angalau tujue tunafanya nini.

La pili ni kurudi. Kasa jike hurudi kutaga karibu na alikozaliwa, akiongozwa pamoja na mengine na usumaku wa dunia alioukariri akiwa mdogo. Aliyetagwa Maziwe na kuanguliwa Ushongo atakwenda wapi? Umbali ni mdogo, huenda kwake ni mtaa mmoja. Jibu litapanda ufukweni mimi nikiwa mzee wa mkongojo. Natamani liwe Ushongo, kwa sababu bara mchanga haujazama bado.

Mkutano wa kijiji umekaa kuhusu fedha za wageni wanaokuja kutazama vitoto vikitoka. Umechukua alasiri nzima. Sitauandika wote. Sehemu ya kijiji imeongezwa na itakwenda kwenye madawati, kikundi kimebaki na mafuta ya boti na posho ya walinzi wa usiku. Wageni wasizidi kumi kwa kiota kimoja, wasimame nyuma ya kamba, picha za mwanga wa ghafla hapana. Mzee mmoja alipinga mpaka mwisho, kwamba zamani kasa walitaga bila kamati. Nikakubaliana naye moyoni. Zamani palikuwa na mivinje pia.

Juni, wiki ya mwisho

Kusi limefunga njia ya Maziwe. Tulijaribu mara moja, boti ikajaa maji hadi vifundoni, tukageuza. Kama kuna kiota kilichotagwa huko mwezi huu, kimekwenda.

Kuhusu jarife: nahodha aliitisha wenzake kweli, pamoja na BMU, kamati ya hapa ya kusimamia uvuvi. Wengi wamekubali kutotega karibu na Maziwe msimu ujao, Februari hadi Mei. Juni wameikataa, kwa sababu ndipo kusi linapowafungia sehemu nyingine na kule nyuma ya fungu pana kinga. Nilitaka Juni iwemo. Nimeichukua Mei. Manahodha wawili hawakutia sahihi, na mmoja wao amesema wazi kwamba atatega palepale kama wageni wa kutoka mbali wataruhusiwa kutega. Ana haki ya kuuliza, maana boti za madago ya mbali huja zikaondoka na hakuna anayezisimamisha. Ofisi ya hifadhi Tanga imeandikiwa kuhusu doria za Februari.

Jana usiku nahodha alinitumia sauti kwenye simu. Amemnasa kasa, akamtoa hai, ana kichuma chenye namba kwenye pezi la kushoto. Nyavu imechanika pima mbili. Ametuma na picha, lakini imetikisika, tarakimu za mwisho hazisomeki, na upande wenye anwani haukupigwa. Kasa wa aina hii wanaweza kuwa wamevishwa namba Shelisheli, Komoro, Kenya au Mafia. Nimemjibu ahsante, na akimpata mwingine apige pande zote mbili, ashike simu kwa mikono miwili. Amejibu kwamba mkono mmoja ulikuwa umemshika kasa. Uzi wa kushonea pima mbili hizo tumeununua kwa fedha za kikundi, na tumeuandika kwenye daftari la matumizi kwa jina lake halisi, ili mwaka ujao mtu asije akauliza kwa nini fedha za kasa zimenunua nyavu bila kukuta jibu.